Uyoga Mwekundu Hauliwi

Mliniomba niwaandikie siri za kazi kabla sijazisahau. Siri hazipo. Kuna sindano, uzi, kitambaa na shingo inayouma. Lakini kwa kuwa siku hizi asubuhi sina shughuli isipokuwa kugombana na kuku wa jirani hapa Kinoo, nimeketi, nimevaa miwani yangu ile nzito mnayoicheka, na nimeandika. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini sitazigusa. Chumba chetu hakikuwa na vyeo. Kulikuwa na Hansaben, halafu kulikuwa na sisi.

Nilipompata Hansaben nilikuwa nimetoka Vihiga, nakaa kwa dada yangu Kangemi, nashonea majirani vitambaa vya viti. Wakati ule nyumba haikuwa nyumba kama viti havijafunikwa, na mimi nilifunika viti vya nusu ya Kangemi. Nikasikia kwamba kuna mama Mhindi mjini, Biashara Street, ghorofa ya juu kabisa, anatafuta wasichana wanaojua mshono wa msalaba. Nikafunga kitambaa changu kizuri kwenye gazeti nikapanda ngazi.

Alikuwa mwanamke mfupi wa Parklands, mjane, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Alichukua kitambaa changu, hakutazama waridi niliyoihangaikia, akakigeuza nyuma. Nyuma kulikuwa na mafundo na nyuzi zilizorukaruka ovyo. Nilitamani ngazi zile zinimeze.

"Mbele kila mtu anajua kupendeza," aliniambia. "Mimi nataka kuona nyuma. Kesho kuja mapema."

Ndiyo ikawa usaili wangu. Kesho yake alinipa kitambaa kilekile, akanipa mkasi mdogo, akaniambia nifumue waridi yote kisha niishone tena bila fundo hata moja. Siku yangu ya kwanza ya kazi niliitumia kuharibu kazi yangu mwenyewe. Nawashauri mjaribu. Mtu hujifunza mengi zaidi kuhusu mshono anapoufumua kuliko anapoushona, na hujifunza pia maneno fulani ambayo sitayaandika hapa.

Kwa wale walioingia juzi na hawajaelewa biashara yetu: hatuuzi kitambaa kilichokwisha kushonwa. Tunauza pakiti. Ndani kuna kitambaa cha vishimo, nyuzi za rangi, sindano butu na chati, yaani karatasi ya miraba inayoonyesha kila msalaba unakaa wapi na uwe wa rangi gani. Mteja anakwenda kushona mwenyewe. Sijui biashara nyingine ambapo mtu analipa vizuri kisha anakwenda nyumbani kufanya kazi, halafu anarudi kukushukuru. Lakini sheria ya Hansaben ilikuwa kwamba hakuna chati inayotoka mlangoni kabla mmoja wetu hajaishona yote, hadi msalaba wa mwisho. Karatasi hudanganya. Mraba mmoja ukikosewa, ndege anakuwa na mdomo mgongoni.

Chati za siku zile zilikuwa za tausi, mawaridi na nyumba za Ulaya zenye moshi. Mwaka wangu wa kwanza ulipokwisha, Hansaben alinipa karatasi na penseli za rangi akaniambia nichore kitu changu mwenyewe. Nikachora nyumba ya msonge ya nyanya yangu. Ukuta mweupe, paa la nyasi la kahawia. Kitambaa kilikuwa kidogo, miraba haikutosha, kwa hiyo paa likavimba kidogo, ukuta ukawa mwembamba, na mlango nikauacha kwa sababu ulikuwa unaonekana kama kidonda. Nikaishona, nikaitundika karibu na dirisha, nikawa naipita kila saa nikiitazama kwa fahari.

Mteja wetu mmoja, mke wa daktari, akapanda siku hiyo akaiona. Akashika kifua. Akasema hajawahi kuona uyoga mzuri kiasi kile. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba hiyo ni nyumba na nyanya yangu yumo ndani, lakini Hansaben alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Ndiyo, uyoga," alisema. "Wiki ijayo tutakuwa na mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye uyoga, na sijatoka hadi leo. Hansaben alikusanya vitabu vya picha vya wajukuu wake akaniletea. Humo uyoga ulikuwa mwekundu, mnene, wenye madoa meupe, na mara nyingi kulikuwa na chura au kizee mwenye ndevu ameketi juu yake. Nilimwuliza kama huo unaliwa. Akasema kwao wanakula ule mweupe wa dukani tu, na huo mwekundu hajawahi kuuona nje ya kitabu. Mimi kwetu nilikuwa nimefundishwa nikiwa mdogo kwamba uyoga wenye rangi ya kuita watu unaachwa palepale ulipo, hata kijiti ulichougusia unakitupa. Lakini kitambaa hakipikwi. Nikauchora, na ule mwekundu ukauzika kuliko tausi, kuliko waridi, kuliko kitu chochote tulichowahi kutundika dirishani. Wateja wanapenda wekundu. Usibishane nao, wewe hesabu nyuzi.

Niseme kidogo juu ya vifaa kwa sababu naona wengine wenu mnaviheshimu kidogo kuliko simu zenu. Sindano iwe butu. Ile kali inapasua uzi na kukuchoma, na damu haitoki kwenye kitambaa cheupe kirahisi. Pete ya mbao inayobana kitambaa ilegezwe kila unapoondoka mezani, la sivyo inaacha duara ambalo pasi hailiondoi. Uzi wetu una nyuzi sita ndani yake. Unatoa mbili, unashona, na hizo nne zilizobaki unazirudisha mahali pake, huziachi sakafuni kama Josefu anavyoziacha. Na uzi mwekundu uogopwe. Uzi mwekundu huchuja. Ulowanishe kipande kwanza, ukibonyeze kwenye kitambaa cheupe, ukiona rangi ya waridi, rudisha dukani. Tumewahi kupeleka pakiti bila kujaribu, na wateja wakaosha uyoga wao wakapata sharubati.

Na misalaba yote ilale upande mmoja. Kila msalaba una miguu miwili, wa chini na wa juu. Ule wa juu ukielekea kulia, basi uelekee kulia kitambaa kizima. Ukichanganya, mtu hataweza kusema kosa liko wapi, ila ataona kitambaa kimechafuka machoni. Hansaben aliweza kuliona kosa hilo akiwa mlangoni, kabla hajavaa miwani.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi, nitawapa moja. Mkulima mmoja wa upande wa Kikuyu, anayelima uyoga mweupe kwenye vibanda vya giza, alitaka chati ya kuwapa wateja wake zawadi. Uyoga mweupe juu ya kitambaa cheupe. Nilijaribu kijivu, ukafanana na mawe. Nilijaribu kuuzungushia mstari mweusi, ukafanana na vichwa vya watu wenye hasira. Nilitaka kumrudishia kazi yake. Hansaben aliutazama ule uchafu wangu, akaniuliza huyo bwana anaulima wapi. Nikamwambia, gizani. Akasema, basi shona giza. Tukashona giza lote, bluu nzito na nyeusi zilizochanganywa kwenye sindano moja, na uyoga wenyewe hatukuushona kabisa. Tuliuacha. Ulikuwa ni kitambaa kitupu kimebaki katikati, na uling'aa hadi yule mkulima akaugusa kwa kidole kuona kama umevimba. Nadhani hiyo ndiyo kazi iliyonifurahisha kuliko zote kwenye meza ile, na kumbukeni mteja alilipia mahali ambapo hatukushona.

Macho ya Hansaben yalipochoka alituachia chumba, akarudi kukaa na binti yake Parklands. Kila Jumatatu alipiga simu kuuliza ni rangi gani imekwisha, na kama sikuijua aliijua yeye. Alipofariki nililia kama mtoto, na wiki ile nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena vibaya. Sina la kuongeza hapo. Nilimpenda.

Miaka ikaja ya kompyuta. Nilikataa, kisha nikakubali, kisha nikajifanya ni mimi niliyetoa wazo. Na kwa ajili ya kompyuta tukamwajiri Nyokabi, ambaye ninyi nyote mnamjua na ambaye amenipa ruhusa kuandika haya, akisema tu nisimfanye aonekane mjinga. Nitajaribu.

Nyokabi ni mtoto wa hapa Kinoo, kwao wapo tangu barabara ikiwa njia ya ng'ombe. Aliletwa kuchapa chati na kujibu wateja wa mtandaoni. Lakini siku ya kwanza aliniangalia nikishona hadi chai yake ikapoa, akaomba ajaribu. Akashika sindano kwa mkono wa kushoto. Nilimfundisha nikiwa nimeketi kando yake kama nilivyofundishwa mimi, na kila alichofanya kilikuwa kinyume, tukagongana viwiko, tukakasirikiana. Mwishowe nikahamisha kiti nikaketi mbele yake, tukatazamana, akafanya kila kitu kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Akaelewa mara moja. Misalaba yake inalala kushoto, yote, kama nyasi zilizopigwa na upepo wa upande mwingine. Ni safi kabisa, ila huwezi kuingiza mkono wako kwenye kitambaa chake bila kuonekana.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu ya mwisho, ambayo haikuwa ya mteja.

Nyokabi alikuwa na mchumba, Evans, kijana mtulivu ambaye mama yake anakaa mtaa wa Jamhuri. Mama Evans ni Mluhya kama mimi, mwalimu mstaafu, mrefu, hasemi mengi. Evans alipompeleka Nyokabi nyumbani mara ya kwanza, mama alitoa obwoba. Kwa wasiojua, obwoba ndio uyoga wetu, ule mdogo wa kahawia unaochipuka kwenye udongo wa mchwa baada ya mvua. Haupatikani kila siku. Unakaushwa, unafichwa juu, na unashushwa kwa ajili ya mgeni ambaye unataka ajue kwamba umemheshimu. Mama Evans alikuwa ameuweka tangu mvua ya mwaka uliopita.

Nyokabi naye alilelewa na cucu, ndivyo kwao wanavyomwita nyanya, aliyemwambia kwamba uyoga ni kitu cha kurukwa njiani, si cha kuwekwa kwenye sufuria. Alipouona kwenye sahani alishikwa na hofu. Akausogeza pembeni, akaufunika kwa ugali, akasema ameshiba. Mama Evans aliona. Aliinua sahani ile akaipeleka jikoni mwenyewe.

Baadaye mama alimwambia mwanawe, "Msichana anaogopa chakula yangu. Sasa nitaenda kwao kuomba nini?"

Na hapo mambo yakasimama. Wazee walikuwa tayari kwenda Kinoo kuanza mazungumzo ya posa, wazazi wa Nyokabi walikuwa tayari kuwapokea, Evans alikuwa tayari tangu zamani. Mama tu ndiye alikuwa bado, na bila yeye wazee hawangeinuka kwenye viti vyao. Miezi ikapita. Nyokabi alikuwa anachapa chati huku amevimba macho, na sisi tunajifanya ni kompyuta inayomwumiza.

Kumbe alikuwa na mpango. Alhamisi moja, mchana, aliweka kitambaa kilichokunjwa mezani kwangu akaniomba nikipige pasi, kwa sababu anaamini pasi yangu ina baraka. Alisema amekishona nyumbani kwa siri, ni cha mama yake Evans, cha kuweka kwenye kiti kikubwa. Jumapili baada ya kanisa atakipeleka mwenyewe kuomba msamaha. Amemshonea uyoga, mama aone kwamba hauogopi.

Nikakikunjua. Kazi ilikuwa safi sana. Ilikuwa uyoga mwekundu, mkubwa, wenye madoa meupe, kutoka kona hadi kona.

Nilicheka hadi nikashika meza. Kisha nikauona uso wake nikanyamaza.

"Auntie, ni nini?"

"Nyokabi, hii ni sumu."

"Sumu aje? Si ni uyoga?"

"Ni uyoga. Ni ule wa kuua watu. Unampelekea mama kitambaa cha sumu akikalie."

Akakitazama, akanitazama, akatazama dirisha ambapo sampuli yetu nyekundu ilikuwa imetundikwa.

"Lakini si ndio tunauza kila siku?"

"Tunawauzia watu ambao hawatauchuma."

Akaketi chini. Nilimweleza kwamba kwetu hata mtoto anayeanza kutembea anajua huo hauguswi. Mama Evans hatafikiria vitabu vya watoto. Atafikiria kwamba msichana aliyekataa uyoga wake mzuri sasa amerudi akimletea ule mbaya, na ameupamba. Nyokabi akalia, na nilimwacha alie, kwa sababu kulikuwa na sababu.

Tulijaribu kufumua kidogo pembeni. Uzi mwekundu ulikuwa umechuja kwenye vishimo, ukaacha kivuli cha waridi ambacho hakuna sabuni ingekiondoa. Kitambaa kile hakikuokoka. Ninyi wenzake mlijitolea kugawana kitambaa kipya, kila mtu pembe yake, kimalizike kufikia Jumamosi. Nakumbuka Josefu alikuwa tayari na sindano. Nyokabi akakataa.

"Nikienda na kazi ya watu, ataniuliza nani ameshona," alisema. "Nilimdanganya nimeshiba. Sitamdanganya mara ya pili."

Basi ikabidi kiwe kidogo, kile cha mgongo wa kiti kimoja, na akishone peke yake. Nikamwambia achore obwoba. Akashika penseli, akatulia. Kwa Mama Evans ulikuwa umewekwa mbele yake kwenye sahani na hakuwahi kuutazama hata mara moja. Alikuwa anautafutia mahali pa kuuficha.

Nikavaa sweta, nikamwambia twende. Tulishuka Kangemi sokoni, kwa akina mama wanaouza mboga za kwetu, tukapata mmoja mwenye obwoba mkavu kwenye mafungu madogo. Nyokabi aliuona akasema unakaa kama majani ya chai yaliyomwagika. Nyumbani kwangu niliuloweka kwenye maji ya vuguvugu. Hapo ndipo akavuta kiti karibu. Ulianza kufunguka mmoja mmoja, vikofia vikajitandaza, kila kimoja na ncha ndogo katikati, na chini yake mistari myembamba iliyopangwa vizuri kuliko mshono wowote. Akatoa karatasi ya miraba akachora hapohapo, bakuli likiwa chini ya pua yake. Alichora kimya hadi nikamnyang'anya bakuli ili nipike.

Niliupika kwa maziwa na chumvi kidogo, bila mapambo. Nikamwekea na ugali. Alifunga macho kama mtu anayemeza dawa, akatia mdomoni. Akatafuna. Akafungua jicho moja.

"Auntie, mbona mmekuwa mkitufichia hii?"

Alikula ule wote, akafuta sufuria kwa kipande cha ugali, akaniuliza kama yule mama wa sokoni huwa yupo kila siku. Nilifurahi kupita kiasi, nikajifanya naosha vyombo ili asinione nikitabasamu peke yangu.

Ijumaa na Jumamosi aliketi dirishani, na sampuli nyekundu tukaishusha ili isimtazame. Tulitumia kitambaa cha rangi ya unga wa mtama, si cheupe. Kahawia tatu na kijivu moja. Kwenye sindano alitia uzi mmoja wa kahawia na mmoja wa kijivu pamoja, rangi ikawa hai, kama kitu kilichotoka udongoni asubuhi ile. Udongo wa mchwa aliushona kwa nusu msalaba, mguu mmoja tu, uonekane mkavu. Hakuweka chura. Hakuweka kizee. Kulikuwa na uyoga mdogo mwingi tu, umesimama kwa kusongamana, kama unavyosimama kweli. Mara moja alikosea hesabu akafumua kikofia kizima bila kulalamika, na hapo nikajua kwamba mimi naweza kustaafu.

Jumapili aliniomba nimsindikize. Tulifika Jamhuri tumevaa nguo za kanisani. Evans alifungua mlango, jasho linamtoka ingawa kulikuwa na baridi. Sebuleni kila kiti kilikuwa na kitambaa, na vilikuwa vimeshonwa na mtu anayejua. Nilimsalimia Mama Evans kwa lugha yetu, akaniuliza mimi ni wa wapi na wa nani, tukapatana kwenye shangazi fulani wa mbali. Alikuwa na adabu. Hakuwa na furaha.

Nyokabi alimpa kitambaa kwa mikono miwili. Mama alivaa miwani, akaenda nacho dirishani, akakaa nacho huko muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya vile vikofia. Akakileta karibu na uso, kisha akakisogeza mbali. Nilijua anachotazama kwa sababu mimi pia ningekitazama.

"Hii yote imelala kushoto," alisema.

"Ndiyo, Mum."

"Siku ile nilikuona unakula na mkono wa kushoto. Nikasema, hata hiyo ni kasoro. Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi pekee yangu."

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kupumua. Nyokabi akaingiza mkono kwenye mkoba akatoa kile kingine. Sikujua amekibeba. Nilikohoa, nikakohoa tena kwa nguvu, lakini alikuwa amekwisha kukikunjua mapajani, chote, chekundu, na kile kivuli cha waridi pembeni tulipofumua.

"Mum, hii ndiyo nilikuwa nimekushonea kwanza. Nilidhani ni mzuri. Sikujua inaua watu. Na ile siku sikuwa nimeshiba. Niliogopa tu. Sikuwa nimewahi kuona mtu akikula."

Mama Evans alivua miwani. Alikitazama kile kitambaa, uyoga wa sumu kutoka kona hadi kona, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kimya kwanza, kisha kwa sauti, akashika ukuta, akamwita mwanawe aje aone alichokuwa anataka kuoa. Nyokabi naye akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimeanza zamani.

"Hiyo lete," Mama Evans alisema alipopata pumzi. "Hiyo nitaweka kwa kiti ya wageni wa kukaa sana."

Na alikiweka. Kipo hadi leo, kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na mtu akionyeshwa pale ajue chai ni kikombe kimoja. Kile kidogo cha kahawia alikitandaza mwenyewe kwenye mgongo wa kiti chake, akakinyoosha pembe, akakinyoosha tena.

Kisha akaenda jikoni. Tulisikia mfuniko wa sufuria. Alirudi na ugali, na bakuli lililofunikwa, na alipolifunua niliijua harufu ile kabla sijauona obwoba wenyewe. Alimpakulia Nyokabi kijiko kimoja kidogo tu, kwa tahadhari, kama anavyopakuliwa mtu ambaye unaogopa atakukataa tena. Nyokabi alinawa, akakata ugali kwa mkono wake wa kushoto, akachota, akala. Akala tena. Alipomaliza alisogeza sahani mbele.

"Niongeze, Mum."

Mama Evans alibaki ameshika kijiko juu ya bakuli. Macho yake yalijaa maji, na hakuyafuta. Alimpakulia hadi sahani ikajaa, akamimina na mchuzi, na bila kugeuka akamwambia mwanawe, "Pigia wazee simu. Waambie Kinoo si mbali."

Evans alitoka nje na simu, mikono yake bado ina ugali.